Kadi ya mawasiliano kwa anayetafuta kazi: aandike nini mahali pa cheo?

Msomaji mmoja ameandika hivi, nami nimeifupisha barua yake kidogo: "Nilikuwa msimamizi wa ghala kwa miaka saba, hadi kitengo chetu kilipofungwa. Sasa ninahudhuria maonyesho na mikutano ya watu wa fani yangu, na kila ninapoombwa mawasiliano najikuta natafuta kalamu na kipande cha karatasi. Kaka yangu ananishauri nichapishe kadi zangu binafsi, lakini rafiki yangu anasema mtu asiye na kazi akitoa kadi anaonekana anajifanya. Je, ni sawa niwe nayo? Nikiwa nayo, niandike nini mahali pa cheo? Na zile kadi za kampuni ya zamani, ambazo bado ninazo boksi zima, siwezi kufuta namba ya ofisi kwa kalamu na kuandika yangu?"

Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: chapisha kadi, na usione haya. Ninasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nimekaa miaka mingi upande wa waajiri nikipokea kadi za watu waliokuwa wakitafuta kazi, na sikumbuki hata siku moja nilipomwona mtu anajifanya kwa sababu tu alikuwa na kadi. Niliowaona wanajifanya ni wale waliochapisha mambo yasiyokuwa yao. Hilo ni suala jingine, na nitalieleza kwa kirefu hapa chini, kwa kuwa nadhani ndilo linalomsumbua rafiki yako hata kama hakulitaja waziwazi.

Kadi haimwambii mtu kwamba una ofisi. Kazi yake ni kumwezesha mtu uliyezungumza naye akukumbuke na akupate atakapokuhitaji, na mtu huyo mara nyingi si ndugu yako wala rafiki yako wa kila siku. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu waliulizwa walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi wakati habari ya kazi ilipowafikia. Waliosema wanaonana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu aliyoitoa ni rahisi kuielewa: watu wako wa karibu wanazungukia palepale unapozungukia wewe, kwa hiyo habari walizonazo ni zilezile ulizonazo, ilhali mtu wa mbali anapita katika duru nyingine na anasikia mambo ambayo wewe huwezi kuyasikia. Sasa fikiria mtu huyo wa mbali. Hana namba yako, huenda jina lako la pili hakulishika vizuri, na kitakachompitia kichwani siku atakaposikia kuna nafasi ni "yule dada wa ghala tuliyeongea naye kwenye maonyesho". Kama kuna kadi yako katika mtoto wa meza yake, atakupigia. Kama hakuna, atawapendekeza watu anaoweza kuwapata.

Nije kwenye cheo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo kadi ya mtafuta kazi inaposimama au kuanguka. Umezoea kuona kadi zenye jina, kisha cheo, kisha nembo ya kampuni, na kwa sababu huna cheo wala nembo unaona kama kadi yako itabaki na pengo katikati. Lakini tofautisha cheo na kazi. Cheo ni cha ofisi. Ofisi ilikupa, na siku ulipoondoka ulikiacha mezani pamoja na funguo. Kazi ni yako. Hakuna barua ya kuachishwa inayoweza kukunyang'anya miaka saba ya kujua shehena ipangwe wapi, hesabu ya mwisho wa mwezi ifungwe vipi, na upungufu uliojitokeza utafutwe kuanzia kwenye hati ipi. Kwa hiyo chini ya jina lako usiandike "Msimamizi wa Ghala", maneno ambayo yatamfanya msomaji aulize ghala la nani. Andika "Usimamizi wa Ghala na Ugavi". Umetaja fani, hukutaja wadhifa, na maneno hayo ni ya kweli leo, yatakuwa ya kweli mwezi ujao, na hakuna atakayeyapinga.

Chini ya mstari huo ongeza mwingine mmoja, mfupi, unaokutenganisha na wenzako wa fani hiyohiyo. Watu wengi huweka hapo maneno ya jumla kama vile "mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma", ambayo kila mtu anaweza kujiandikia na ambayo kwa sababu hiyo hayambakishi mtu yeyote kichwani. Andika kitu mahususi ulichokishika kwa mikono yako. Kama ghala lako lilihifadhi dawa au chanjo, andika "Mnyororo baridi, nyuzi 2 hadi 8", na mtu wa fani atajua mara moja kwamba umewahi kusimamia vyumba vya baridi, kusoma vipimajoto na kufuatilia tarehe za kuisha muda. Kama ulisimamia vipuri, sema vipuri. Mstari huo ukikushinda kuandika, jiulize wenzako walikuwa wakikuita wewe kwa tatizo gani wakati wao limewashinda.

Yapo maneno matatu ambayo ningekuomba uyaepuke mahali hapo. La kwanza ni "Natafuta kazi". Hilo lisemwe kwa mdomo, bila kujificha, tena mapema katika mazungumzo, lakini lisichapishwe, kwa sababu kadi huishi muda mrefu kuliko hali yako ya leo: mtu akiiokota baada ya miezi minane atadhani habari hiyo imechacha, na zaidi ya hapo umekinyima nafasi kile unachokiweza ukaweka kile unachokikosa. La pili ni "Mshauri". Wengi hulikimbilia kwa kuwa linasikika vizuri na halihitaji mwajiri, lakini swali linalofuata kila mara ni "unawashauri akina nani kwa sasa?", na kama jibu halipo, rafiki yako atakuwa amesema kweli. Litumie tu ikiwa kweli unapokea kazi za muda mfupi na unaweza kumtaja mteja. La tatu ni cheo chochote cha kitaaluma ambacho huna usajili wake. Katika nchi nyingi majina kama mhandisi, wakili, daktari au mhasibu aliyesajiliwa yanalindwa kwa sheria au na bodi za taaluma, na kuyachapisha bila haki si suala la adabu peke yake. Ikiwa bado unasoma, sema unasoma na unasomea nini. Hakuna mwajiri mwenye akili anayemdharau mtu kwa kusema hivyo.

Kuhusu boksi la kadi za zamani, tafadhali usizitumie, hata moja, hata kwa kufuta namba. Ninaelewa uchungu wa kutupa kitu kizuri kilicholipiwa, lakini tazama kadi hiyo kwa macho ya anayeipokea: nembo ya kampuni usiyoifanyia kazi, cheo usichokuwa nacho tena, namba iliyopigwa mstari wa kalamu, na juu yake namba nyingine imebanwa kwa herufi ndogo. Kadi hiyo inamweleza kwamba umeondolewa kabla wewe hujapata nafasi ya kueleza unachoweza, na inampa kazi ya kusoma mwandiko. Halafu kuna upande wa haki. Nembo na jina la kampuni ni mali ya kampuni, na kuendelea kuvitoa kama utambulisho wako ni kudai uhusiano uliokwisha. Onyo hilohilo linamhusu aliye kazini bado lakini anatafuta kwingine: asitumie kadi ya mwajiri wake wala barua pepe ya ofisi kutafutia kazi, kwa kuwa anuani hiyo si yake, inaweza kusomwa, na itafungwa siku atakapoondoka, pamoja na majibu yote yaliyokuwa njiani.

Yanayobaki kwenye kadi ni machache. Jina liwe lilelile lililo kwenye wasifu wako, kwa mpangilio uleule, ili mtu anayekutafuta katika barua zake asikutane na watu wawili. Namba ya simu iwe moja, ile unayoipokea, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, na tarakimu ziachanishwe katika mafungu ya tatutatu au mawilimawili. Namba iliyoandikwa kwa mfululizo bila nafasi hukosewa kwa urahisi sana na mtu anayeinakili kwa haraka. Barua pepe iwe ya jina lako, si ya jina la utani ulilojipa ulipokuwa shuleni. Ukiwa na ukurasa wa kitaaluma kwenye intaneti, weka kiungo chake kifupi, lakini kwanza uufungue ukurasa wenyewe uone kama bado unasema uko kazini kule kulikofungwa. Anuani ya nyumbani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho havina nafasi hapo: kadi inapita mikononi mwa watu usiowajua, na hakuna mwajiri anayevihitaji katika hatua hiyo. Kuhusu picha, nafahamu wapo wanaoipenda. Mimi siipendekezi kwa fani kama yako, maana inakula robo ya nafasi na inaelekeza jicho kwenye sura badala ya ujuzi.

Msimbo wa QR, ule mraba wa vitone unaosomwa kwa kamera ya simu, ni jambo ambalo wewe, mtu wa ghala, unalijua kuliko wengi. Ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na Denso Wave, wakati huo ikiwa kitengo cha kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, kabla haujaenea kwenye mabango na kadi. Ukiutaka kwenye kadi yako, uweke nyuma, kwenye kona, na uuelekeze kwenye kiungo kimoja kifupi. Ukijaza ndani yake jina, namba, anuani na maelezo yote, vitone vyake vinakuwa vingi na vidogo, na simu yenye kamera ya kawaida huenda isiusome katika ukumbi wenye mwanga hafifu. Upana wa sentimita mbili unatosha kwa kiungo kifupi, mradi pembezoni kuwe na ukingo mweupe usiopungua vitone vinne, kwa kuwa bila ukingo huo kifaa hakijui msimbo unaanzia wapi. Jihadhari pia na huduma zinazotengeneza misimbo inayopitia kwenye mitambo yao kabla ya kufika kwenye ukurasa wako. Ukiacha kulipia, msimbo uliochapishwa hauendi popote.

Kwa uchapaji wenyewe, kaa kwenye kipimo cha milimita 85 kwa 55, au milimita 89 kwa 51 ikiwa unaishi mahali wanapofuata kipimo cha Marekani, kwa sababu kadi isiyoingia kwenye pochi hutupwa kwanza. Karatasi iwe ya gramu 300 au 350 kwa mita ya mraba, ili isijikunje, na herufi zisishuke chini ya pointi 8. Watu wengi wenye mamlaka ya kuajiri wamevuka umri wa kusoma herufi ndogo bila miwani. Maandishi yakae angalau milimita 4 kutoka ukingoni, na kama kuna rangi inayofika ukingoni, izidi kwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo utapata uzi mweupe upande mmoja. Chapisha kadi 100, si 1,000, hata kama bei ya moja moja inaonekana kupungua ukichukua nyingi. Mashine za kidijitali hazihitaji kutengenezewa sahani za uchapaji, kwa hiyo idadi ndogo si tatizo kwa mchapaji, na namba au fani yako inaweza kubadilika kabla hujamaliza hizo mia. Kabla ya kumruhusu aendelee, omba nakala ya majaribio, chukua simu, na upige namba kama ilivyochapishwa kwenye nakala hiyo, si kama unavyoikumbuka kichwani. Kisha tuma barua pepe kwenye anuani yako, ukiinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi. Nimeona kadi nzuri mno zenye tarakimu moja iliyokosewa, na mwenyewe anangoja simu.

Kuna sharti moja la karatasi ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine yote: upande wa nyuma using'ae, na sehemu yake kubwa ibaki tupu. Wachapaji hupenda kukuwekea utando laini unaomeremeta pande zote mbili. Kataa. Wino wa kalamu hausimami juu yake, unapakaa na kufutika, na wewe utahitaji kuandika.

Nitakueleza kwa nini. Jioni moja, baada ya mkutano wa siku mbili, nilizimwaga mezani kadi nilizokuwa nimepewa, zaidi ya thelathini. Nyingi zilikuwa nene, zenye rangi nzuri, na nyingine zilikuwa na herufi zilizoinuka ambazo unazihisi kwa kidole, lakini nilipozipitia moja baada ya nyingine sikuweza kuziunganisha na sura za wenyewe. Moja ilikuwa nyeupe tu. Nilipoigeuza nilikuta mwenyewe ameandika kwa wino wa bluu, mbele yangu, wakati tunaagana: "Chanjo: kutoa kwa tarehe ya kuisha muda, si kwa tarehe ya kuingia." Papo hapo mazungumzo yote yakanirudia, jinsi alivyonieleza kwamba ghala walilolikuta lilikuwa linatoa shehena iliyoingia mapema hata pale iliyoingia baadaye ilipokuwa karibu kuharibika, na jinsi walivyogeuza mpangilio wa rafu bila kusimamisha kazi. Wiki chache baadaye mwenzangu wa idara nyingine aliuliza kama namfahamu mtu wa vyumba vya baridi. Sikumtajia jina, nilimpa kadi yenyewe. Kijana yule aliitwa kwenye usaili kwa maneno kumi na mawili tu aliyoyaandika kwa mkono.

Kwa hiyo usianze mazungumzo kwa kutoa kadi, na usiwapitie watu meza kwa meza kama mtu anayegawa ratiba ya sherehe. Zungumza kwanza. Uliza wanafanya nini, sikiliza, eleza lako, na uwaambie wazi kwamba unatafuta nafasi. Mkifika mahali ambapo kuna jambo la kuendeleza, ndipo useme "naomba nikuachie mawasiliano yangu", uandike nyuma ya kadi neno moja au mawili ya kile mlichozungumza, kisha uombe ya kwake. Ya kwake ipokee kwa utulivu, isome kabla ya kuiweka, na mkishaachana andika juu yake tarehe, mahali na alichokuahidi. Hilo la kuomba ya kwake ni zito kuliko la kutoa ya kwako. Ukimpa tu, umekaa kungoja. Ukiwa na yake, hatua inayofuata iko mikononi mwako.

Na hatua hiyo usiicheleweshe. Ndani ya siku mbili mtumie ujumbe mfupi ambao hauombi mengi, kwa mfano: "Ni yule tuliyezungumza naye kuhusu hesabu ya vipuri siku ya pili ya maonyesho. Ulinitajia mwenzako anayeshughulikia ghala la kusini. Ningeshukuru ukinielekeza namna ya kumfikia. Nimeambatisha wasifu wangu." Angalia kwamba wasifu umekuja hapa, baada ya kadi, kwa sababu kadi haiwezi kuchukua nafasi ya wasifu na haikukusudiwa hivyo. Kwa sababu hiyohiyo, ukiitwa kwenye usaili huna haja ya kuwagawia kadi wanaokusaili, ambao tayari wana karatasi zako zote. Itoe tu kwa yule ambaye hakuwa na wasifu wako, labda mkuu wa kitengo aliyeingia katikati.

Kadi za kwenye simu, zile za kugusisha au za kutumiana kwa faili, zina manufaa yake na sina ugomvi nazo. Ni haraka, na namba inaingia moja kwa moja bila kunakiliwa. Kasoro yake kwa mtu aliye katika hali yako ni kwamba jina linazama katika orodha ya majina mengi ndani ya simu, na hakuna upande wa nyuma wa kuandikia kwa kalamu. Ukiweza, uwe na zote mbili.

Jambo la mwisho utaliona jepesi kwa kuwa ndilo ulilolifanya miaka saba. Mali bila daftari huisha bila habari, na kadi ni mali kama nyingine. Tenga daftari lenye safu nne: nani, wapi na lini, tulizungumza nini, na nimtafute tena tarehe gani. Kadi kumi zilizoandikwa katika daftari hilo zitakufaa kuliko mia zilizotawanyika. Mtu akikaa kimya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa upole, ukiwa na jambo jipya la kumweleza. Akikaa kimya tena, mwache, na jina lake libaki kwenye daftari. Siku utakapoanza kazi mpya, rudi kwenye orodha hiyo na uwaandikie wote waliokuitikia, umefika wapi na unafanya nini sasa, kwa namba ileile iliyo kwenye kadi waliyonayo.